Kanuni Kwanza, Rangi Baadaye

Saa kumi na moja jioni, pita mtaa wowote wa Dar es Salaam wenye mwembe au kibaraza, hutakosa watu wameinamia drafti. Ubao wao ni kipande cha plaiwudi kilichopigwa mistari kwa rula, miraba 64, nusu yake imepakwa rangi nyeusi. Kete ni visoda. Kumi na viwili vimelala kifudifudi, kumi na viwili chali, basi pande mbili zimeshajulikana bila mtu kununua hata kopo la rangi. Kisoda kikifika mwisho wa ubao na kuwa kingi, hupandishiwa mwenzake mgongoni. Kina meno 21 pembeni, na meno hayo ndiyo yanayokizuia kisiteleze pale vidole vinapolowa jasho.

Naanza na visoda kwa sababu kazi ya kutunga mchezo wa ubao nyumbani wengi huianza kwa nyuma. Mtu akipata wazo, mguu wake wa kwanza ni stesheneri, kuulizia bei ya kuprinti. Anatafuta mchoraji, anachagua rangi, anawaza boksi litakavyopendeza. Wiki ya tatu ana ubao wa kuvutia, na mchezo wenyewe haujachezwa hata mara moja. Nimefanya hivyo mwenyewe, na nimewaona wenzangu wakifanya. Msimamo wangu ni huu: mchezo ni kanuni zake, na kanuni hazijulikani ubora wake mpaka watu wengine wazicheze. Ubao, kete na boksi ni vyombo vya kuzibebea. Kila shilingi inayotangulia kwenda kwenye sura inamfunga mtunzi mikono, kwa maana hakuna anayependa kukata kwa mkasi kitu alichokwisha kukilipia.

Tuangalie michezo tunayoijua ilikotoka. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete zake za asili ni komwe, mbegu za mkomwe, ngumu na nyororo kama kokoto za mtoni. Fundi hulichonga kwenye mti mgumu, lakini pasipo na fundi watu huchimba mashimo ardhini wakacheza. Hakuna kinachopungua. Nyumba ni ile ile, kunamua ni kule kule, mtaji ni ule ule. Mimi hukitumia hicho kama kipimo: mchezo ukihamishiwa mchangani ukabaki na ladha yake, basi upo. Ukipotea pamoja na picha zake, haukuwapo.

Huko Marekani, Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wake, The Landlord's Game, tarehe 5 Januari 1904. Alikuwa mfuasi wa Henry George, mwanauchumi aliyetaka kodi itozwe kwenye thamani ya ardhi, na Magie alitaka watu waone kwa macho yao kinachotokea ardhi inapohodhiwa na wachache. Kwa karibu miaka 30 mchezo huo ulienea kwa mikono. Mtu aliucheza kwa rafiki, akarudi kwake akachora ubao wake mwenyewe kwenye kitambaa au kadibodi, akabadilisha majina ya mitaa yakawa ya mji wake. Waumini wa Quaker wa Atlantic City waliandika mitaa ya Atlantic City. Charles Darrow wa Philadelphia, aliyekuwa amepoteza kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, aliuonja kwa marafiki, akaanza kutengeneza nakala kwa mkono na kuziuza. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaununua kwake kama mtunzi, ukaenea duniani kwa jina la Monopoly. Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake. Alama ya kunakili ilibaki kwenye ubao: eneo la Marven Gardens limeandikwa Marvin, kosa la herufi moja lililokuwa kwenye ubao wa nyumbani ambao Darrow aliutazamia.

Alfred Butts naye alikuwa msanifu majengo aliyekosa kazi katika mdororo ule ule. Alikaa na gazeti la New York Times akahesabu herufi, moja baada ya nyingine, ili ajue kila herufi hujitokeza mara ngapi katika Kiingereza. Ubao aliuchora kwa zana zake za usanifu, herufi akazibandika kwenye vipande vidogo vya plaiwudi. Kampuni zilimkatalia. Akaendelea kuurekebisha mwaka hadi mwaka, jina likabadilika, ubao ukabadilika, hadi mwaka 1948 James Brunot alipouchukua na kuupa jina la Scrabble. Klaus Teuber, fundi wa meno ya bandia nchini Ujerumani, aliwajaribishia mkewe na watoto michezo aliyoitunga baada ya saa za kazi. Catan yake ilitoka mwaka 1995.

Watu hawa hawakuwa na mashine. Walikuwa na kitu kilichowasaidia zaidi: kila badiliko liliwagharimu kalamu ya risasi na kifutio tu. Butts angekuwa ameshachapa nakala elfu moja za ubao wake wa mwanzo, asingethubutu kuugusa.

Sasa niingie jikoni kwangu. Mchezo ninaoutengeneza unaitwa Hesabu. Kila mchezaji ana daladala, anapakia abiria, analipia mafuta, anakutana na trafiki, na jioni anatakiwa ampelekee tajiri hesabu yake. Kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Ubao ni ramani ya vituo: Posta, Kariakoo, Buguruni, Ubungo, Mwenge, Mbagala, Gongo la Mboto na vinginevyo. Abiria ni visoda. Niliuwaza barabarani, nimesimama mlangoni kwenye gari lililojaa, nikimtazama konda akihesabu noti zake mara ya tatu huku akinong'ona namba.

Toleo la kwanza niliwaletea mezani mpwa wangu wa miaka kumi na minne, dada yake, na mama jirani aliyekuja kuazima pasi. Kadi ya trafiki ilisema gari likikamatwa linakosa zamu tatu. Mpwa wangu alikamatwa mara mbili mfululizo. Alikaa, akatazama dari, akachezea kisoda, halafu akasema kwa adabu, "Mjomba, mimi si nimeshamaliza?" Nikamwambia bado, zamu yake itafika. Akaenda kuchaji simu na hakurudi. Mchezo ule ulichukua saa mbili, na kwa saa moja na nusu yeye hakuwamo.

Jioni ile nilijifunza mengi kuliko mwezi mzima wa kuchora. Kumkosesha mtu zamu ni kumtoa mezani. Kwenye karatasi kanuni ile ilikuwa mstari mmoja, tena ilinipendeza kwa jinsi inavyofanana na maisha. Mezani ilikuwa mtoto aliyenyamaza. Siku iliyofuata nikaibadilisha: gari likikamatwa linashusha abiria wawili na kuendelea. Uchungu upo, ila mtu anabaki kwenye kiti chake.

Kuna swali zito nyuma ya jambo hilo dogo. Wapo wanaosema Monopoly ni mchezo mbovu, kwamba mmoja akishapata mitaa mingi wengine wanakaa kufilisika polepole bila la kufanya. Lakini kumbuka Magie alikusudia nini. Alitaka uonekane uonevu wa kodi ya pango inayojilimbikiza kwa mmoja. Ile karaha anayoipata anayeshindwa ndiyo hoja yake. Kanuni zinasema, hata mtunzi akinyamaza, na mchezo usemao jambo fulani hausemi kupitia maandishi ya kwenye kadi. Unasema kupitia kile unachomlipa mchezaji na kile unachomnyima.

Niliona jambo hilo kwa macho yangu katika jaribio la nne. Nilikuwa nimeweka aina mbili za abiria. Kisoda chali ni mtu mzima, analipa nauli kamili. Kisoda kifudifudi ni mwanafunzi, analipa kidogo, kama ilivyo barabarani. Wote wawili wanachukua kiti kimoja. Sikuandika popote kwamba wanafunzi waachwe. Baada ya raundi tatu, kila kituo kwenye ubao kilikuwa na kundi la visoda vilivyolala kifudifudi, na hakuna daladala iliyosimama. Watoto niliokuwa nacheza nao, ambao asubuhi ile ile walikuwa wamesukumwa mlangoni na makonda, walikuwa wanawaacha wanafunzi wa ubaoni bila hata kufikiri. Binti mmoja akasimamisha mkono hewani, akavitazama vile visoda, akauliza, "Mbona wanafunzi hawapandi?" Mwenzake akamjibu kwamba hawalipi. Kimya kikapita. Sijaona somo la uraia lililoingia kwa kasi namna ile.

Basi mtunzi afanye nini hapo? Akiweka kanuni ya kulazimisha, anaficha ukweli. Akiacha, mchezo unawafundisha watoto kuwa wagumu. Niliacha kwa muda, kwa sababu swali la yule binti lilikuwa na thamani kuliko jibu langu.

Kuhusu namna ya kujaribu, nina msimamo mkali. Mtunzi asikae mezani kueleza. Aandike kanuni kwenye karatasi moja, awape watu wasiowahi kuuona mchezo, kisha akae pembeni na daftari, mdomo aufunge. Pale watakapokosea kanuni, kosa ni la karatasi. Na asiwaulize mwishoni kama mchezo ni mzuri. Sisi tumelelewa kutomwaibisha mwenyeji; mtu aliyekunywa chai yako atasema ni mzuri sana, Mungu akubariki. Tazama mengine. Nani ametoa simu, na dakika ya ngapi? Swali la "zamu ya nani?" limeulizwa mara ngapi? Likiulizwa mara kwa mara, watu wamepotea njia. Nani ameinuka kidogo kwenye kiti dadu ilipokuwa inazunguka? Na kipimo kinachoshinda vyote: mchezo umekwisha, je, kuna aliyekusanya kete kuzipanga upya bila kuambiwa?

Wajaribu wazuri hubadilishwa. Ndugu zako wakishacheza mara tano wameshakuwa wataalamu, wanajaza mapengo ya kanuni kwa mazoea bila kujua. Unahitaji wageni kila mara: fundi aliyekuja kurekebisha bomba, wanafunzi wa tuisheni, wazee wa barazani. Wazee hasa, kwani mcheza bao mzoefu atagundua kwa nusu saa njia ya kushinda ambayo wewe hukuiota.

Hesabu za nambari nazo zina nafasi yake, wala hazihitaji chuo kikuu. Chukua mchezo wa nyoka na ngazi wenye miraba 100. Dadu moja kwa wastani inatoa tatu na nusu, kwa hiyo bila nyoka wala ngazi mtu anahitaji mitupo kama 29. Wachezaji wanne ni mitupo 116, na kila mtupo ukichukua sekunde 15, mchezo ni wa dakika 29. Kabla hujachora mraba hata mmoja umeshajua urefu wa mchezo wako. Toleo la kwanza la Hesabu lilikuwa na zamu 15 kwa kila mtu na maamuzi matano kwenye kila zamu, karibu dakika mbili. Watu wanne, zamu 60, dakika 120. Saa mbili zile zilizomchosha mpwa wangu zilikuwa zimeandikwa tangu mwanzo, ila sikuwa nimezijumlisha. Niliponea kwa kuwaruhusu wote wapakie abiria kwa wakati mmoja.

Dadu mbili zina tabia ambayo wengi huisahau. Zina namna 36 za kuanguka. Saba hupatikana kwa namna sita, mbili kwa namna moja tu, na 12 kwa namna moja. Kwa hiyo kituo kilicho hatua saba mbele kitatembelewa mno, na kilicho hatua mbili kitabaki kikiwa. Kama huna dadu, tupa visoda vinne uhesabu vilivyoanguka chali, kama watu wa India walivyotupa kauri katika pachisi, mzazi wa ludo yetu. Ila kisoda si sarafu, uzito wake hauko sawa pande zote. Kitupe mara 100 uandike kwanza, ndipo ukiamini. Na dadu ya kuchonga, hakikisha pande zinazotazamana zinajumlisha saba, na mti usiwe na fundo upande mmoja.

Nina upande mwingine wa kazi hii unaonigusa kama mtumiaji wa lugha. Watu wengi wamejaribu kucheza mchezo wa herufi kwa Kiswahili wakitumia seti ya Kiingereza, wakakwama, wakaamini Kiswahili hakifai. Kinafaa. Kilichokosewa ni kete. Seti ya Kiingereza ina kete 100, na irabu zake ni 42, E zikiongoza kwa 12. A ziko tisa. Chukua methali inayojulikana na kila mtoto, haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23, na 11 kati yake ni A. Ni methali iliyotiwa chumvi kwa A, ni kweli, lakini hesabu ukurasa wowote wa gazeti la Kiswahili kama Butts alivyofanya, utaiona A ikitangulia. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo irabu zinatakiwa zikaribie nusu ya kete. Q na X zitupwe. C haisimami peke yake katika Kiswahili Sanifu, basi itengenezwe kete ya CH kama Wahispania walivyofanya katika seti yao. NG' yenye ritifaa yake iwe kete moja, la sivyo ng'ombe haandikiki. Hizo nyingine, SH, TH, DH, NY, mimi ningeziacha zijengwe kwa kete mbili, kwani zinampa mchezaji kazi nzuri ya kichwa.

Ugumu halisi uko kwenye swali la neno ni nini. Butts aliweka S nne tu katika seti yake kwa kuwa S ingerahisisha mno kufanya wingi. Sisi maneno yetu hukua mbele na nyuma. Ukiruhusu viambishi vyote, pika inakuwa watakapowapikia, na mchezaji mmoja anajaza ubao kwa kitenzi kimoja. Ukivikataza vyote, umeikata lugha miguu. Baada ya majaribio mengi, kanuni niliyoiona inachezeka ni hii: mashina ya vitenzi na minyambuliko yake yaruhusiwe, pika, pikia, pikisha, pikwa, nafsi na njeo zikataliwe, nomino ziruhusiwe umoja na wingi. Mwamuzi awe Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iwekwe mezani kabla ya kuanza. Ugomvi hupungua, na watoto hufungua kamusi kwa hiari yao.

Kanuni zikishatulia, ndipo ufike wakati wa gundi na mkasi. Hapa pana ujuzi wa mikono ambao haufundishwi kirahisi. Ubao wangu wa kwanza mzuri niliubandika jioni: karatasi iliyoprintiwa juu ya boksi gumu, gundi nyeupe, nikaupangusa kwa kitambaa ukakaa sawasawa. Asubuhi ulikuwa umepinda kama dau. Sababu ni kwamba karatasi ikilowa gundi hutanuka, na ikikauka hujivuta, ikilivuta na boksi. Dawa yake ni kubandika karatasi ya aina ile ile upande wa nyuma, kwa gundi ile ile, siku ile ile, ili mivutano miwili ishindane. Kisha unaweka ubao kati ya mbao mbili, juu yake vitabu vizito, unausahau hadi kesho kutwa. Kwenye unyevu wa pwani, upe siku tatu.

Ubao unaokunjwa unakatwa katikati na kuungwa kwa ukanda wa kitambaa. Acha mwanya kati ya vipande viwili, upana wake mara mbili ya unene wa boksi. Usipoacha, ubao utakunjika mara moja tu, mara ya pili utachanika. Ukubwa usikutishe: karatasi nne za A4 zikiunganishwa zinatoa ubao wa sentimita 42 kwa 59.4, mkubwa kuliko nyingi za dukani. Ila pima mraba kwa kete yako. Kisoda kina upana wa karibu sentimita tatu, kwa hiyo mraba chini ya sentimita nne utawafanya watu wagongane vidole.

Kadi za ukubwa wa karata, milimita 63 kwa 88, zinaingia tisa kwenye A4 moja. Kadi 54 ni karatasi sita. Chagua manila nzito, kwa sababu karatasi nyembamba ukiiweka mbele ya taa mwenzako anasoma kilichoandikwa. Nyuma ya kadi usiweke fremu wala picha yenye juu na chini. Mashine nyingi za stesheneri zikigeuza karatasi zinahama milimita moja au mbili, na fremu itatangaza kila kadi ilivyo. Baada ya raundi mbili mchezaji mwenye macho makali anaijua kadi ya trafiki kwa mgongo wake. Rangi moja tupu inatosha. Kulamineti kunasaidia kadi kudumu, lakini kadi zilizolaminetiwa huteleza na hazichanganyiki vizuri zikiwa nyingi. Mimi hulamineti ubao, kadi naziacha, nikijua nitaziprinti tena.

Kuhusu sheria niseme kwa kifupi. Hakimiliki inalinda namna wazo lilivyoelezwa, yaani maandishi ya kanuni zako, michoro na sura ya ubao. Wazo la mchezo lenyewe, kwamba watu watupe dadu wapakie abiria, liko wazi kwa wote. Tanzania Bara mambo hayo yako COSOTA, na alama za biashara na hataza BRELA. Kenya ni KECOBO na KIPI. Mwenye kutaka kuuza mchezo wake na kuuita Monopoly ya mji fulani ajue kwamba jina hilo ni alama ya biashara ya wenyewe. Kanuni uzichukue, uzipinde, uzifanye zako, kama dunia ilivyofanya siku zote. Jina lao waachie.

Na fedha? James Brunot na mkewe walitengeneza seti 2,400 za Scrabble mwaka 1949, wakipiga herufi kwenye kete za mbao kwa mikono, na mwaka ule walipata hasara ya dola 450. Huo ulikuwa mchezo mzuri kabisa, uliokwisha kujaribiwa kwa miaka mingi. Maagizo yaliwazidi nguvu mwaka 1952, na kazi ikahamia kampuni kubwa. Seti moja ya Hesabu inanichukua saa sita, kukata, kubandika, kukausha, kuhesabu visoda. Seti kumi ni saa 60. Sioni namna ya kuilipa kazi hiyo kwa bei ambayo mzazi wa Tandika ataimudu, na sitaki kumdanganya kijana anayesoma hapa kwamba kuna utajiri wa haraka. Ninachomshauri ni atengeneze seti tano. Mbili awape waliomjaribia, moja shule ya jirani, moja barazani, moja abaki nayo. Kisha asubiri aone zipi zinachakaa. Ubao uliochanika kwenye mkunjo kwa kuchezwa ni ushahidi ambao hakuna mchapaji atakayeubishia.

Nami nilifanya hivyo hivyo, na seti ya barazani ilipotea wiki ya tatu. Nilisikitika, nikidhani imetupwa. Juzi nimepita uchochoro wa nyuma, nikakuta watoto sita wamekaa chini kuzunguka boksi la televisheni lililofunguliwa. Wamechora vituo kwa mkaa. Hakuna Posta wala Ubungo. Kuna duka la Mangi, bombani, msikitini, shuleni, uwanjani. Abiria ni visoda. Nilisimama nyuma yao nikanyamaza kama ninavyowashauri wengine. Binti mmoja alikuwa anafunga siku yake, gari limejaa visoda chali, akanyoosha mkono kumkabidhi tajiri hesabu. Wenzake wakamzuia kwa sauti moja. Nikauliza kuna nini. "Shikamoo mjomba," akasema mmoja, halafu akanieleza huku akinionyesha kituo cha shuleni: gari la mwisho la siku haliwezi kufunga hesabu mpaka limpandishe kila mwanafunzi aliyebaki njiani, nusu nauli hivyo hivyo, na asiyekuwa na viti anarudi kuwafuata kwa mafuta yake. Nikawaomba kalamu, nikaandika kanuni hiyo nyuma ya risiti ya luku.